Je, Japani inarudi kwenye silaha? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu utaifa wa Kijapani na jeshi lake

Kwa wengi wetu Japani ni magari, redio na barabara zilizojengwa kwa fedha za JICA, shirika la misaada la Japani. Ndiyo maana watu hushtuka wakisikia kwamba Tokyo inanunua makombora ya masafa marefu, au kwamba chama kinachonadi "Wajapani kwanza" kimepata viti bungeni. Tangu Sanae Takaichi ashike uwaziri mkuu Oktoba 2025 maswali yameongezeka, na mengi yanazunguka palepale: ile Japani ya miaka ya 1930 inarudi?

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue anaongozwa na nani. Naamini Japani ina haki ya kujilinda kama taifa lolote, na majirani zake si wa kubezwa. Wasiwasi wangu ni huu: wanaopigia debe silaha kwa sauti kubwa zaidi ni mara nyingi walewale wanaotaka kufifisha yaliyotendwa na jeshi la zamani. Mwananchi wa kawaida anayekubali bajeti kubwa ya ulinzi hayumo katika kundi hilo, na ni makosa kuwachanganya.

Lakini si Japani ilikatazwa kuwa na jeshi?

Ilikatazwa, tena kwa maandishi. Katiba iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 inatamka katika Ibara ya 9 kwamba Wajapani wanaachana na vita milele kama njia ya kutatua migogoro ya kimataifa, na kwamba hawataweka majeshi ya nchi kavu, majini wala angani. Rasimu yake iliandikwa Februari 1946, kwa muda wa wiki moja hivi, na maofisa wa Kimarekani waliokuwa chini ya Jenerali Douglas MacArthur, wakati nchi ikitawaliwa na washindi wa vita.

Walioandika ndio waliokuwa wa kwanza kugeuka. Vita vya Korea vilipoanza Juni 1950, askari wa Kimarekani waliokuwa Japani walihamishiwa Korea, na MacArthur akaagiza kiundwe Kikosi cha Akiba cha Polisi chenye watu 75,000. Kilikuwa jeshi kwa kila namna isipokuwa jina. Hata vifaru vyake viliandikwa kwenye hati kama "magari maalumu". Tarehe 1 Julai 1954 vikazaliwa Vikosi vya Kujihami, au Jieitai, ambavyo vipo hadi leo. Hoja ya serikali ni kwamba ibara hiyo haiondoi haki ya taifa kujilinda, kwa hiyo nguvu ya kadiri inayotosha kujilinda tu inaruhusiwa. Mwaka 1973 mahakama ya wilaya ya Sapporo ilitamka waziwazi kwamba vikosi hivyo vinakiuka katiba. Hukumu hiyo ilitenguliwa 1976, na Mahakama ya Juu ya nchi haijawahi kulikabili swali lenyewe uso kwa uso.

Sasa hivi jeshi hilo lina nguvu kiasi gani?

Lina askari wapatao 220,000, ndege za F-35, nyambizi za kisasa, na meli mbili kubwa, Izumo na Kaga, zilizobuniwa kwa ajili ya helikopta na sasa zinafanyiwa marekebisho ili zibebe ndege za kivita. Kaga ni jina zito: manowari ya zamani yenye jina hilo ilikuwa miongoni mwa zilizobeba ndege zilizoshambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor Desemba 1941, ikazamishwa kwenye vita vya Midway mwaka uliofuata. Mabaharia wanarithi majina ya meli kama desturi, lakini Beijing na Seoul jina hilo halipiti bila kusikika.

Mabadiliko yalianza lini? Ni Abe?

Waziri mkuu wa zamani Shinzo Abe aliharakisha, hakuanzisha. Kwa miongo kadhaa Japani ilijiwekea breki yenyewe, moja baada ya nyingine. Mwaka 1967 serikali ilibana uuzaji wa silaha nje, na 1976 ikaubana zaidi. Mwaka huohuo wa 1976 ikaweka ukomo wa matumizi ya ulinzi usiozidi asilimia 1 ya pato la taifa. Nchi ilijikita kwenye biashara, ulinzi mzito ikawaachia Wamarekani.

Breki hizo zilianza kulegea kwa aibu ya 1991. Katika Vita vya Ghuba Japani ilichangia dola bilioni 13 hivi, lakini haikupeleka askari, na Kuwait ilipochapisha tangazo la shukrani kwenye magazeti ya Marekani, jina la Japani halikuwemo. Ukizungumza na wanasiasa wa Tokyo wa kizazi hicho, au ukisoma hotuba zao, jambo hilo linarudi kila mara kama kidonda. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kushiriki operesheni za amani za Umoja wa Mataifa, na askari wakaenda Kambodia.

Hapo ndipo anapoingia Shinzo Abe. Katika awamu yake ya kwanza, Januari 2007, iliyokuwa Idara ya Ulinzi ikapandishwa kuwa wizara kamili. Aliporudi madarakani, tarehe 1 Julai 2014 baraza lake la mawaziri liliipa Ibara ya 9 tafsiri mpya: Japani sasa ingeweza kumsaidia mshirika anayeshambuliwa hata kama yenyewe haijaguswa, endapo hali hiyo inatishia uhai wa taifa. Septemba 2015 tafsiri hiyo ikawa sheria, huku maelfu ya watu wakisimama kwenye mvua nje ya Bunge kuipinga. Katiba haikubadilishwa hata neno moja. Mimi hilo ndilo linalonikera zaidi katika historia hii yote: jambo lililostahili kura ya maoni ya wananchi lilipitishwa kwenye meza ya mawaziri.

Kisha Desemba 2022, chini ya waziri mkuu Fumio Kishida, mtu asiyejulikana kwa ukali wowote, likaja badiliko kubwa kuliko yote: yeni trilioni 43 kwa miaka mitano, lengo la asilimia 2 ya pato la taifa, na uwezo wa kupiga vituo vya makombora ndani ya nchi ya adui. Januari 2024 mkataba wa kununua makombora 400 ya Tomahawk kutoka Marekani ukasainiwa. Bajeti iliyokuwa yeni trilioni 5.4 hivi mwaka 2022 ilifika trilioni 8.7 mwaka 2025, na Takaichi alipoingia akasema lengo la asilimia 2 lifikiwe miaka miwili kabla ya wakati.

Wanaogopa nini hasa?

Chukua ramani utafute kisiwa cha Yonaguni. Kina watu 1,700 hivi, farasi wadogo wanaotembea barabarani, na kutoka hapo hadi Taiwan ni kilomita 110 tu. Hadi 2016 hakikuwa na kambi ya jeshi. Leo kina rada, na visiwa jirani vya Miyako na Ishigaki vimewekewa vikosi vya makombora. Agosti 2022, China ilipofanya mazoezi makubwa kuizunguka Taiwan, makombora yake matano yaliangukia katika ukanda wa bahari wa kiuchumi wa Japani. Wavuvi wa huko hawakuhitaji kufundishwa utaifa na mtu yeyote. Walibaki bandarini kwa sababu bahari yao ilikuwa imegeuka uwanja wa shabaha.

Ng'ambo ya bahari kuna Korea Kaskazini, iliyorusha kombora juu ya anga la Japani tangu 1998 na kurudia 2017 na 2022. Serikali ya Tokyo inatambua raia wake 17 waliotekwa na majasusi wa Korea Kaskazini miaka ya 1970 na 1980. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 13 aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka shule. Mwaka 2002 kiongozi wa Korea Kaskazini, Kim Jong Il, alikiri kwa waziri mkuu Junichiro Koizumi kwamba watu 13 walitekwa, na watano wakarudi. Hakuna jambo lililobadili hisia za Wajapani wa kawaida kuliko kukiri huko.

Ongeza uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, na mashaka kama Marekani ya Donald Trump itatimiza ahadi zake. Hofu hizi ni za kweli. Anayesema silaha zote hizi ni ndoto za wazee wanaotamani himaya yao irudi hajaitazama ramani.

Basi utaifa unaingilia wapi?

Unaingilia kwa watu wanaoshika usukani na simulizi wanayoibeba.

Tuanze na Nobusuke Kishi. Alikuwa waziri katika serikali ya Hideki Tojo iliyotangaza vita 1941. Baada ya vita alifungwa gereza la Sugamo kama mtuhumiwa wa uhalifu wa kivita wa daraja A, yaani wa kupanga na kuanzisha vita, akaachiwa bila kushtakiwa, na 1957 akawa waziri mkuu. Mwaka 1960 alipitisha kwa nguvu mkataba mpya wa usalama na Marekani, wananchi wakafurika barabarani, mwanafunzi mmoja wa kike akafa katika vurugu nje ya Bunge, na Kishi akajiuzulu. Mjukuu wake ni Shinzo Abe, ambaye hakuficha kwamba anataka kumalizia kazi ya babu yake ya kuiandika upya katiba. Takaichi naye anajitambulisha kama mrithi wa siasa za Abe.

Nyuma yao kuna Nippon Kaigi, jumuiya iliyoundwa 1997, ambayo wanasiasa wengi wa chama tawala cha Liberal Democratic wamekuwa wanachama wa kundi lake la kibunge. Hoja zake ni katiba mpya, heshima zaidi kwa Mfalme Mkuu, elimu ya uzalendo, na historia isiyowafanya watoto wa Kijapani wajione wana wa wakosaji. Hoja hiyo ya mwisho ndiyo kitovu cha ugomvi. Mwaka 2008 mkuu wa jeshi la anga, Toshio Tamogami, aliandika insha akidai kwamba si haki kuiita Japani mchokozi. Alifukuzwa kazi. Lakini 2014 aligombea ugavana wa Tokyo na kupata kura zaidi ya 600,000.

Yasukuni ni nini, na kwa nini hekalu lizue ugomvi wa kimataifa?

Yasukuni ni hekalu la dini ya Shinto lililoanzishwa Tokyo mwaka 1869. Kwa imani yao linahifadhi roho za watu karibu milioni 2.5 waliofia taifa. Hakuna kaburi wala mifupa, kuna majina. Mzee anayekwenda pale kumkumbuka kaka yake aliyekufa kwa njaa kwenye msitu wa New Guinea hana hatia yoyote, na ni vibaya kumwita mfashisti.

Tatizo liliingizwa Oktoba 1978, kimyakimya, pale kuhani mkuu alipoongeza kwenye orodha majina ya wahalifu 14 wa kivita wa daraja A, Tojo akiwemo. Umma ulijua Aprili 1979. Mfalme Hirohito alikuwa amezuru mara ya mwisho 1975, na hakurudi tena hadi kufa. Mwanawe Akihito hakwenda kabisa katika miaka yake 30 ya ufalme. Tafakari hapo: familia ambayo kwa jina lake askari wale waliambiwa wafe haikanyagi pale, wakati wanasiasa wanashindana kwenda. Koizumi alikwenda kila mwaka kuanzia 2001 hadi 2006. Abe alikwenda Desemba 2013, na hata Marekani ikatoa tamko la kusikitishwa. Takaichi, aliyezoea kwenda akiwa waziri wa kawaida, alijizuia Oktoba 2025 alipokuwa anakaribia kiti kikubwa.

Ukiingia kwenye jumba la makumbusho la Yushukan lililo ndani ya uwanja wa hekalu, ukumbini unapokewa na ndege ya kivita ya Zero, na karibu nayo injini ya treni nyeusi inayong'aa, C5631. Injini hiyo ilitumika kwenye reli ya Thailand na Burma. Ujenzi wa reli hiyo uliua wafungwa wa kivita zaidi ya 12,000 na vibarua wa Kiasia makumi ya maelfu. Hapo imesafishwa na kupakwa rangi kama kumbukumbu ya fahari.

Jambo jingine halisemwi vya kutosha. Kwenye orodha ya Yasukuni wamo Wakorea zaidi ya 20,000, wengi waliolazimishwa kuingia jeshini. Baadhi ya familia zimeomba majina ya wazazi wao yaondolewe na zimekwenda hadi mahakamani. Hekalu limekataa.

Si walishaomba msamaha? Mpaka lini?

Wameomba, mara nyingi, na baadhi ya maneno yalikuwa mazito. Mwaka 1993 Yohei Kono, katibu mkuu wa baraza la mawaziri, alikiri kwamba jeshi lilihusika katika kuwatumikisha wanawake kingono kwenye vituo vyake, wengi wao kutoka Korea. Tarehe 15 Agosti 1995, miaka 50 baada ya vita, waziri mkuu Tomiichi Murayama alizungumzia utawala wa kikoloni na uchokozi wa Japani, akaomba radhi kwa moyo wote. Murayama alifariki tarehe 17 Oktoba 2025 akiwa na miaka 101, siku chache kabla ya Takaichi kuapishwa.

Kinachoharibu msamaha ni kauli zinazofuata. Waziri mmoja anaomba radhi, mwingine anasema wanawake wale walikwenda kwa hiari yao. Kwenye tamko lake la 2015 Abe aliyathibitisha matamko ya waliomtangulia, kisha akasema vizazi vijavyo visibebeshwe jukumu la kuendelea kuomba msamaha. Namwelewa kijana wa Osaka aliyezaliwa 2000 akiuliza anahukumiwa kwa lipi. Lakini bibi wa Kikorea aliyeona waziri mkuu akilipa fedha bila kumtazama usoni naye ana swali. Makubaliano ya Desemba 2015 kati ya Tokyo na Seoul, yaliyoambatana na yeni bilioni 1, yalisambaratika kwa sababu wanawake wenyewe hawakushirikishwa.

Watoto wa shule wanafundishwa nini?

Wanafundishwa, kinyume na inavyodhaniwa. Vitabu vingi vinataja mauaji ya Nanjing 1937 na uvamizi wa China, ila kwa mistari michache na maneno yaliyopimwa na wizara. Mwanahistoria Saburo Ienaga aliishtaki serikali mwaka 1965 kwa kukatakata kitabu chake, na kesi zake tatu zilichukua hadi 1997, mahakama ilipoamua kwamba wizara ilikosea kufuta aya kuhusu Kikosi 731 kilichofanyia majaribio ya kitabibu binadamu hai. Miaka 32 ya mtu mmoja mahakamani kwa ajili ya ukweli wa vitabu vya shule: huyo naye ni Mjapani, na anastahili kutajwa kila tunapomtaja Tamogami.

Mwaka 1999 bendera na wimbo wa taifa wa Kimigayo vikawekwa kisheria, na 2006 sheria ya msingi ya elimu ikaongezwa lengo la kuipenda nchi. Mjini Tokyo mamia ya walimu wameadhibiwa tangu 2003 kwa kukataa kusimama wimbo ukiimbwa.

Wajapani wa kawaida wanataka vita?

Hapana.

Katika uchunguzi wa kimataifa wa WIN/Gallup uliochapishwa 2015, waliosema wako tayari kuipigania nchi yao walikuwa asilimia 11 tu, kiwango cha chini kuliko nchi zote 64 zilizoulizwa. Mwaka wa fedha wa 2023 vikosi vilitaka kuajiri watu zaidi ya 19,000, vikapata karibu nusu, licha ya umri wa kuingia kupandishwa tangu 2018 kutoka miaka 26 hadi 32. Mwaka 2024 watoto waliozaliwa Japani kwa wazazi wa Kijapani hawakufika 700,000. Yeni zipo za kununua kombora. Kijana wa kulirusha ndiye anayekosekana.

Wakati huohuo vikosi vinapendwa sana. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011 askari 100,000 walipelekwa kaskazini mashariki, wakachimbua maiti kwenye tope, wakapika uji kwa wazee, na wananchi hawakusahau. Kwa hiyo Mjapani anaweza kulipenda jeshi lake, kuiogopa China, kukataa kodi mpya ya ulinzi na kutotaka Ibara ya 9 iguswe, yote kwa siku moja. Kura za maoni hupanda na kushuka kulingana na swali lilivyoulizwa.

Wanaokumbuka watataja pia Yukio Mishima, mwandishi aliyevamia makao ya jeshi ya Ichigaya tarehe 25 Novemba 1970 akiwataka askari waasi kwa ajili ya Mfalme. Askari walimzomea. Alijiua papo hapo.

Sanseito ni kina nani? Na kweli mji ulitaka kupewa Watanzania?

Sanseito ni chama kilichoanzishwa 2020 na kukulia YouTube wakati wa janga la korona. Julai 2025 kilishinda viti 14 katika uchaguzi wa Baraza la Juu kwa kaulimbiu ya "Wajapani kwanza", kikiwalaumu wageni kwa mishahara duni na bei ya nyumba. Wageni wote Japani ni karibu asilimia 3 ya watu.

Kuhusu mji: Agosti 2025, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, uliofanyika Yokohama, JICA ilitangaza mpango wa kuunganisha miji minne na nchi nne za Afrika. Nagai, mji mdogo katika mkoa wa Yamagata, uliunganishwa na Tanzania, kwa kuwa tayari ulikuwa na urafiki nasi tangu maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Kisarazu ukaenda na Nigeria, Sanjo na Ghana, Imabari na Msumbiji. Ilikuwa kubadilishana wageni na tamaduni, basi. Vichwa vya habari vilivyotiwa chumvi, kikiwemo cha gazeti moja la mtandaoni la Tanzania, vikaufanya uonekane kama Nagai imetolewa kwetu, na taarifa ya serikali ya Nigeria ikazungumzia viza maalumu. Serikali ya Japani ikakanusha, magazeti yakarekebisha, lakini moto ulishawaka. Simu na barua pepe za hasira zilimiminika kwa maelfu kwenye ofisi za miji ile. Makarani waliozoea kushughulikia vyeti vya kuzaliwa na theluji ya barabarani walishinda wakiulizwa kwa nini wanaiuza nchi. Tarehe 25 Septemba JICA ikaufuta mpango wote.

Hapa ndipo mtu wa Arusha au Mwanza anapoona kwamba utaifa wa Kijapani wa leo si suala la China na Korea peke yake. Na tukubali kwamba mwandishi wetu mzembe naye aliwapa kuni.

Okinawa wanalalamikia nini?

Vita vya Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, Aprili hadi Juni 1945, viliua zaidi ya watu 200,000, na kwa makadirio mengi raia wa kisiwani waliokufa walikuwa robo ya wakazi wote. Baadhi waliamriwa na askari wa Kijapani wajiue kuliko kujisalimisha. Leo Okinawa ni asilimia 0.6 ya ardhi ya Japani na inabeba asilimia 70 hivi ya eneo la kambi za Marekani nchini. Februari 2019 asilimia 72 ya waliopiga kura walikataa ujenzi wa kambi mpya ya Marekani huko Henoko. Ujenzi uliendelea. Wao wanajua kwamba vita vikitokea kwa ajili ya Taiwan, vitawashukia wao kwanza, na mipango ya kuhamisha wakazi wa visiwa vya mbali tayari imeandaliwa.

Japani inaweza kutengeneza bomu la nyuklia?

Kiufundi, inaweza. Ina plutoniamu zaidi ya tani 40, sehemu kubwa ikiwa imehifadhiwa Uingereza na Ufaransa. Kisiasa ni habari nyingine. Tangu 1967 inafuata kanuni tatu: kutomiliki, kutotengeneza, na kutoruhusu silaha hizo ziingizwe nchini. Waziri mkuu Eisaku Sato aliyezitangaza alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani 1974, ingawa baadaye ilidhihirika kwamba 1969 alisaini hati ya siri na Richard Nixon iliyoruhusu silaha hizo kurudishwa Okinawa wakati wa dharura. Takaichi amewahi kuitilia shaka kanuni ya tatu.

Dhidi yake wako manusura wa Hiroshima na Nagasaki. Chama chao, Nihon Hidankyo, kilichoundwa 1956, kilipewa Nobel ya Amani 2024. Wamekuwa wazee sana, na nina hofu ya kweli juu ya mjadala utakavyokuwa siku ambayo hakuna atakayeweza kusimama mbele ya kamera na kusema nilikuwepo.

Haya yanatuhusu nini Afrika Mashariki?

Yanatuhusu kwa damu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, kwenye mvua za masika na malaria, ikafika Kalewa Desemba ya mwaka huo. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika chache, na zaidi ya watu 1,200 wakafa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Hawakuwa na ugomvi na Japani. Walipelekwa na mkoloni. Lakini ni babu zetu.

Baada ya vita, Wajapani waliovaa sare walirudi upande wetu kwa sura tofauti kabisa. Mwaka 1994 vikosi vyao vilikwenda Goma kusafisha maji na kutibu wakimbizi wa Rwanda, ndege zao zikitumia Nairobi kama kituo. Kuanzia 2012 wahandisi wao walijenga barabara Juba. Walipoondoka 2017 ilifumuka kashfa: kumbukumbu za kila siku zilizoandika kwamba kulikuwa na mapigano Juba zilikuwa zimefichwa, na waziri wa ulinzi Tomomi Inada akajiuzulu Julai mwaka huo. Djibouti, tangu 2011, kuna kambi ya kwanza ya kudumu ya Japani nje ya nchi yake tangu vita kuu, iliyowekwa kwa ajili ya maharamia wa Ghuba ya Aden. Maharamia walipungua. Kambi ipo.

China inapolalamika, ina haki?

Juu ya historia, ndiyo, maana Nanjing ni jeraha la kweli. Juu ya silaha, bajeti yake ya kijeshi ni mara kadhaa ya ile ya Japani. Takaichi aliposema bungeni tarehe 7 Novemba 2025 kwamba shambulio dhidi ya Taiwan linaweza kuwa hali inayotishia uhai wa Japani, Beijing ilijibu kwa kuwaonya raia wake wasisafiri Japani na kusimamisha ununuzi wa samaki wake. Alisema kwa sauti kile ambacho sheria ya 2015 tayari ilikiruhusu.

Ibara ya 9 itabadilishwa lini?

Katiba hiyo haijaguswa hata mara moja tangu 1947. Ili ibadilishwe, theluthi mbili za kila baraza la Bunge lazima zikubali, kisha wananchi wapige kura ya maoni na walio wengi waunge mkono. Komeito, chama cha Wabudha kilichokuwa breki ndani ya serikali, kilivunja ushirika na chama tawala Oktoba 2025 baada ya miaka 26, na nafasi yake ikachukuliwa na Ishin, chama kinachotaka mabadiliko.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe, tazama tarehe 3 Mei, sikukuu ya katiba, ambapo pande zote mbili hujitokeza mitaani Tokyo; tazama nani anakwenda Yasukuni tarehe 15 Agosti na waziri mkuu anasema nini siku hiyo kwenye hafla ya kitaifa, maana Agosti 2025 waziri mkuu wa wakati huo, Shigeru Ishiba, alitumia neno la majuto ambalo halikuwa limesikika hapo tangu 2012; na mwisho wa Desemba soma bajeti ya ulinzi ukiangalia fungu la mishahara na makazi ya askari, kwa sababu hapo ndipo utajua kama makombora yote hayo yatapata watu.